START, SALT au sekunde kumi: njia ipi ya kuchambua majeruhi inaifaa timu yako ya ambulensi?

Basi limegongana na lori la mizigo saa nane usiku. Wewe na mwenzako mmefika na ambulensi moja, machela moja na mtungi mmoja wa oksijeni. Kando ya barabara wamelala watu zaidi ya 30. Wanaolia wanakuvuta suruali, walionyamaza hawakuvuti. Nani aguswe kwanza?

Zipo njia zilizoandikwa za kulijibu swali hilo, na hapa nalinganisha tatu. Nawaandikia wasimamizi wa ambulensi wa wilaya, wa kaunti na wa hospitali za misheni, wale wanaotakiwa kuchagua njia moja, kuifundisha, kisha kuishi na matokeo yake. Nimefundisha madereva na wauguzi kwa miaka kadhaa, na nitasema bila kuzunguka ni ipi ningeichukua.

Rangi karibu zote ni zilezile. Nyekundu ni wa kuhudumiwa sasa hivi. Manjano ameumia vibaya lakini anaweza kusubiri kidogo. Kijani ameumia kidogo. Nyeusi amekwisha kufariki. Njia zinatofautiana kwenye maswali unayouliza kabla ya kumfunga mtu kitambaa cha rangi yake, na zaidi kwenye lipi linatangulia.

Zilivyo kwa kifupi

START ilitungwa mwaka 1983 huko California na hospitali ya Hoag pamoja na zimamoto wa mji wa Newport Beach. Unaanza kwa kupaza sauti: anayeweza kutembea aje huku. Watakaokuja wote ni kijani. Waliobaki unawapitia mmoja mmoja. Asiyepumua unamwinua kidevu kufungua njia ya hewa. Asipopumua hata hapo ni nyeusi, akirudisha pumzi ni nyekundu. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu. Chini ya hapo unamshika mapigo kwenye kifundo cha mkono, yasipopatikana, nyekundu. (Toleo la awali lilitaka ubonyeze kucha na kuangalia kama rangi inarudi ndani ya sekunde 2, na gizani hilo haliwezekani.) Mapigo yakiwepo, mpe amri rahisi: fumba macho, nibane vidole. Asipotii ni nyekundu, akitii ni manjano. Mtu mmoja hatakiwi kukuchukulia zaidi ya dakika moja.

SALT ilikuja mwaka 2008, Marekani vilevile, baada ya jopo la wataalamu lililofadhiliwa na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kuzipitia njia zilizokuwepo na kuokota kilicho bora katika kila moja. Herufi zake nne, kwa Kiingereza, zinasimama kwa kupanga, kukagua, kuokoa uhai, na kutibu au kusafirisha. Kwa sauti yako tu unawagawa watu mafungu matatu: wanaotembea, wanaoweza kupunga mkono, na wasiojongea au wenye hatari inayoonekana wazi, mfano damu inayoruka. Unaanza na hao wa mwisho. Ukimfikia mtu, kabla ya kufikiria rangi, unafanya yale machache yanayookoa uhai papo hapo: kuzuia damu, kufungua njia ya hewa, kumpulizia mtoto asiyepumua pumzi mbili, na kwa mwenye mafunzo na vifaa, kutoa kwa sindano hewa iliyobana kifua. Baada ya hapo ni maswali ya ndiyo na hapana, bila kuhesabu chochote. Anatii amri? Mapigo ya mkononi yapo? Anapumua bila kuhangaika? Damu imezuilika? Jibu likiwa hapana hata mara moja, ni nyekundu au kijivu. Kijivu nitairudia, kwa sababu inastahili nafasi yake.

Triaji (yaani uchambuzi wa majeruhi) ya sekunde kumi ilianza Uingereza mwaka 2023. Imetengenezwa ili itumiwe na yeyote anayetangulia kufika, awe polisi, zimamoto au mhudumu wa ambulensi. Anatembea? Anatoka damu nyingi? Anaongea? Ana jeraha la kisu au risasi kifuani au tumboni? Anapumua? Hakuna saa wala kushika mapigo. Asiyepumua anawekewa alama hiyo tu, kwamba hapumui, na neno la mwisho linaachiwa wahudumu wa afya wanaopita baadaye kwa kipimo kirefu zaidi.

Paja linalotoka damu

Tulifanya zoezi usiku kwenye uwanja wa mpira. Wanafunzi wa uuguzi walijilaza nyasini, tukawapaka rosela iwe damu, na tukaacha lori likinguruma pembeni ili kusiwe na utulivu. Kijana mmoja tulimfichia chini ya paja chupa ya rosela yenye tundu dogo, inachuruzika. Akamfikia muuguzi mzuri kabisa, dada mwenye uzoefu mkubwa wa wodini. Akapiga magoti kichwani kwake, akaweka kiganja kifuani, akaanza kuhesabu pumzi. Ngurumo ya lori ikampotezea hesabu. Akaanza upya. Chupa ikaisha.

"Dada, huyu ameshatutoka," nikamwambia.

"Lakini pumzi zake ni 28," akajibu, mkono bado uko kifuani.

Alikuwa sahihi. Pumzi 28, mapigo yapo, anatii amri: kwa START huyo ni manjano, anasubiri. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni mimi. START haikatazi kuzuia damu. Inakuruhusu kufanya hivyo ukiwa kwenye hatua ya mapigo. Ila inakufikisha hapo baada ya pumzi, na mshipa mkubwa wa paja hausubiri. Unaweza kummaliza mtu kwa dakika chache.

SALT ingemfunga mkanda wa kubana damu kabla ya swali lolote, halafu ingemwita manjano akiwa hai. Sekunde kumi nayo inaiuliza damu mapema, inamfunga na kumwita nyekundu. Kwa ajali za barabarani, ambako miguu husagwa chini ya viti vya basi, tofauti hii peke yake ilinifanya nibadilishe ninachofundisha.

Mzee wa mbavu

Haki ya START nayo isemwe. Chukua mzee aliyebanwa kifua na usukani. Hawezi kusimama, hatoki damu, anaongea kwa maneno mafupi mafupi, na pumzi zake ni 36. START inamkamata mara moja kwa ile namba 30. SALT inamkamata pia, mradi mhudumu ajue kutambua kwa macho mtu anayehangaika kupumua: pua zinapanuka, misuli ya shingo inavutika, sentensi haiishi. Sekunde kumi inaona anaongea na hana jeraha la kuchomwa, inamweka manjano. Atakuja kugunduliwa kwenye mzunguko wa pili, kama kuna mzunguko wa pili.

Hilo "kama" ni kubwa kwetu. Njia ya Uingereza imejengwa juu ya matumaini kwamba magari mengine yako njiani na watu wenye kipimo kirefu watafika. Ukiwa kwenye barabara ambako ambulensi ya pili iko umbali wa saa nzima, mzunguko wa pili utaufanya wewe mwenyewe, au hautafanyika.

Mama anayetembea

Hapa njia zote zinaweza kukuangusha, na ndipo ningetaka kila msimamizi akae kidogo.

Historia ya malori ya mafuta kwetu ni nzito. Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009. Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Sachangwan na Morogoro zilichukua zaidi ya watu 100 kila moja, na Sange zaidi ya 200. Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili mara nyingi bado anatembea katika saa ya kwanza. Anakuja kwa miguu yake, anaongea, anakuuliza mwanawe yuko wapi. Ukipaza sauti "anayeweza kutembea aje huku", atakuja. START itamwita kijani. Sekunde kumi itamwita kijani. Wakati huohuo koo lililovuta moto linaendelea kuvimba.

SALT inamtuma kwenye fungu la wanaotembea pia, lakini fungu hilo kwake ni foleni, siyo rangi. Kila mtu atakaguliwa peke yake, hata akiwa wa mwisho. START huwataka walio kijani wakaguliwe baadaye, ila nimeona mara nyingi mno kijani kikigeuka kuwa kundi la watu wanaoambiwa wapande bodaboda waende zahanati.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayochukua, andika mstari huu kwa mkono kwenye kadi: kwenye moto, anayetembea aangaliwe uso na asikilizwe sauti. Nywele za pua zimeungua? Kuna masizi mdomoni? Sauti imekwaruza? Huyo ni nyekundu hata kama amekuja akikimbia.

Macho ni suala jingine la namna hiyo. Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu, watu walisikia mshindo wa kwanza wakasogea madirishani, na mlipuko mkubwa ukawavunjia vioo usoni. Walifariki 213, wakajeruhiwa maelfu, na wengi waliumia macho. Mtu wa vioo machoni anatembea akishikwa mkono. Hatakufa usiku huo, lakini akipelekwa mahali pasipo na daktari wa macho atapoteza kuona.

Mtoto, na lugha

Kwa watoto START iache kabisa. Mtoto hupumua haraka hata akiwa mzima, hivyo ile namba 30 inawapaka wengi nyekundu bila sababu. Tena moyo wa mtoto huendelea kupiga kwa muda baada ya pumzi kusimama, na START inamwita nyeusi bila kumpulizia hata mara moja. Ndiyo maana mwaka 1995 ilitungwa JumpSTART: kama mtoto hapumui lakini mapigo yapo, anapuliziwa pumzi tano kwanza, na mipaka ya pumzi inakuwa 15 hadi 45. Ukichagua START, basi umechagua kadi mbili, na wahudumu wako wazijue zote mbili usingizini. Mabasi ya shule yapo kila wilaya. Karatu, Mei 2017, wanafunzi 32 walifariki katika ajali moja. SALT ina kadi moja kwa wote, ikiwa na zile pumzi mbili ndani yake.

Kuhusu amri, kuna jambo linalosahaulika. START na SALT zinapima akili kwa kumwambia mtu afanye kitu, na basi la usiku linabeba abiria kutoka Bujumbura, Goma na kwingineko, bibi asiyejua Kiswahili, na kijana ambaye mshindo umemziba masikio. Ukimwambia "fumba macho" akakutazama tu, usikimbilie nyekundu. Mwonyeshe. Fumba macho yako mwenyewe, weka vidole viwili kiganjani mwake uvibane. SALT inakubali mtu anayejongeza viungo kwa makusudi hata kama hakutii neno, na kwa mazingira yetu hiyo ni faida kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kijivu

Kati ya njia hizi tatu, ni SALT pekee yenye rangi ya yule ambaye bado anapumua lakini, kwa vifaa na watu mlio nao usiku huo, hatarajiwi kupona. Fuvu limefunguka, hajitambui, pumzi moja moja. START ingemwita nyekundu kwa sababu hatii amri. Sekunde kumi ingemwita nyekundu kwa sababu hasemi lakini anapumua. Zote mbili zingempa machela yako pekee na mtungi wako pekee, na yule mzee wa mbavu angebaki chini.

Wahudumu wengi wanaiogopa kijivu, na nawaelewa. Kwetu mgonjwa hayuko peke yake. Mkewe amekaa pale amempakata kichwa, kaka yake anakuuliza kwa nini umempita. Utamjibu nini? Mimi hufundisha maneno haya, na yanasemwa ukiwa umechutama, macho kwa macho: "Shemeji, nimemwona. Nawahudumia wale kwanza, nitarudi kwake." Na lazima urudi. Kijivu inategemea vifaa, kwa hiyo gari la pili likifika na mtungi wa pili, wa kijivu anaangaliwa upya na anaweza kupanda kuwa nyekundu. Mtu mmoja, hata kondakta wa basi, akae naye asiachwe peke yake. Timu isiyoweza kuahidi hayo mawili isiitumie kijivu, na kwa kweli isiitumie SALT.

Dereva wako anaweza ipi?

Uchambuzi unaanza kwenye usukani. Ambulensi ya kwanza haibebi mtu. Inasimama upande upepo unakotoka, juu ya mteremko kuliko tanki, pua ya gari ikielekea njia ya kutokea. Tanki likiwa linawaka, umbali unaopendekezwa ni mita 800 kila upande. Nyie wawili hamtaweza kuusafisha umbali huo, lakini mnaweza kutoliingiza gari lenu ndani yake. Dereva haachi gari bila mtu wala haondoki na ufunguo mfukoni. Anashika redio au simu na kutoa taarifa: ni tukio kubwa, liko kilomita gani, ni la aina gani, kuna hatari ipi, magari yaingilie wapi, majeruhi ni kama wangapi, nani amefika na nani anahitajika. Mwenzake anaanza kupita na vitambaa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama dereva, ambaye katika timu nyingi hana mafunzo ya uuguzi, anaweza kuifanya njia uliyoichagua mwenzake akizidiwa. START anaweza kuikariri, ila kuhesabu pumzi na kutafuta mapigo kwa mikono yenye glavu kunamshinda bila mazoezi ya mara kwa mara. SALT ataiweza nusu: kupaza sauti, kufunga damu, kufungua njia ya hewa. Swali la "atapona kwa vifaa tulivyonavyo?" si la kumtwika dereva. Sekunde kumi ataishika siku hiyohiyo, na siyo yeye tu: askari wa usalama barabarani, mgambo, na vijana wa bodaboda wa kijiweni ambao kila mara hufika kabla yenu.

Ningechagua hivi

Kwa wahudumu wa ambulensi waliosomea, SALT. Kwa dereva, polisi, zimamoto na watu wa kijiweni, sekunde kumi. Hizo mbili zinaelewana, kwa sababu zote zinatanguliza damu na hazihesabu. Anayeanza na sekunde kumi hamharibii kazi anayemfuata na SALT.

Baki na START kama ambulensi za hospitali ya rufaa na za wilaya jirani zote zinaitumia tayari. Timu mbili zenye njia mbili kwenye ajali moja ni balaa kuliko timu mbili zenye njia dhaifu ileile. Ila ibadilishe kwa jambo moja: unapomfikia mtu, pitisha macho na mikono kutafuta damu kabla ya kuhesabu pumzi. Na ongeza ile kadi ya watoto.

Vifaa havitakuzuia. Kadi za kigeni za kuning'iniza shingoni ni nzuri, lakini vitambaa vya rangi vilivyokatwa na fundi cherehani, vimefungwa mafungu kwa mpira na kuwekwa kwenye mfuko wa mlango wa dereva, vinafanya kazi ileile. Nyekundu viwe vingi kuliko unavyodhani. Vya kijivu vikatwe kwenye kitambaa cheupe chenye mistari, maana chini ya tochi kijivu na nyeusi ni kitu kimoja. Mikanda ya kubana damu ndiyo ya kununua kwa pesa halisi, mitano kwa gari au zaidi.

Jambo la mwisho ni mlango wa hospitali. Huko hawatumii START wala SALT. Wengine wana kipimo cha Afrika Kusini chenye rangi ya chungwa katikati ya nyekundu na manjano, wengine kile cha pamoja cha Shirika la Afya Duniani, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) chenye nyekundu, manjano na kijani. Manjano yako ikifika kwenye mlango wenye chungwa, muuguzi wa mapokezi hatajua umemaanisha nini, na saa hiyo hana muda wa kukuuliza. Kabla hujampelekea fundi vitambaa, nenda kaongee na mkuu wa idara ya dharura, weka mafungu yako mezani kwake, na mkubaliane kila rangi inaingilia mlango gani.